Shikamoo Iliyomkimbiza Samaki

Mwezi wa saba uliopita nilipanda Lushoto kumwona mama, nikasahau kubeba sweta. Ukikaa Tanga mwaka mzima unasahau kabisa kwamba nchi hii ina baridi. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje kupiga mswaki, meno yakagongana yenyewe, mama akacheka mpaka akakohoa. "Mtoto wa mlimani huyo! Joto la Tanga limekuharibu." Akaniingiza chumbani kwake, akafungua sanduku, akanitolea koti jeusi la kiume, zito, linalonuka dawa ya nondo na moshi wa kuni za muwati. Nililivaa, nikatumbukiza mikono mifukoni kutafuta joto, kitu kikanichoma kidole. Nilipiga ukelele nikidhani ni tandu. Kumbe ni ndoano, ndogo kuliko punje ya mpunga, imevishwa unyoya mwekundu wa jogoo na kufungwa kwa uzi wa njano. Mwenye koti hayupo tena duniani. Nilikaa pale kitandani, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikawa nalia na kucheka kwa pamoja, na mama naye akaketi kando yangu.

Wenzangu mliokulia kule milimani mnaijua baridi ninayoisema. Ile ya ukungu kuingia mpaka jikoni bila hodi. Asubuhi unatoa moshi mdomoni ukijifanya mtu mzima anayevuta sigara, kandambili zinateleza kwa umande, na bibi anakukamata akupake mafuta ya mgando miguuni huku ukipiga kelele kwamba mikono yake ina baridi kuliko maji. Nyumba yetu ilikuwa juu ya mto unaoshuka kutoka msitu wa Magamba, na usiku na mchana tuliusikia. Tulikaa watatu: mama, bibi mzaa mama, na mimi. Baba yangu alifariki nikiwa bado nanyonya, simkumbuki hata sauti. Mama alilima karoti na hoho, akazipeleka sokoni Lushoto, na wanunuzi wakubwa wakaja kuzichukua kwa lori.

Dereva wa lori mojawapo aliitwa Idi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, kwao upande wa Bulwa kwenye mashamba ya chai, na alikuwa na tabia ya kunawa mikono kwa muda mrefu sana baada ya kazi, kidole kwa kidole. Nilipokuwa darasa la tatu akamwoa mama. Ilisomwa ndoa, ikapikwa pilau, nikavalishwa gauni jipya, na kesho yake bwana harusi akahamia kwetu na godoro, sanduku moja, na bomba refu la plastiki lililozibwa ncha zote mbili. Lile bomba lilileta maneno kijiji kizima. Jirani yetu, Mama Shabani, alikuja jikoni akanong'ona, "Dada, mumeo ana bunduki." Bibi akasema hata kama ana mzinga, ilimradi asiuweke karibu na unga wake.

Ndani mlikuwa na ufito wa kuvulia samaki. Ulikuwa mwembamba, wa vipande vitatu vya kuchomeka, na wenye kigurudumu cha chuma cha kukunjia mshipi. Ujanani Idi alikuwa akimwendesha mtaalamu mmoja wa misitu wa kigeni aliyekaa Amani, na mtaalamu yule kila akipata mapumziko alipanda huku kwetu kuvua trauti, samaki wa mito ya baridi. Hao trauti wenyewe walikuwa wageni. Waliletwa zamani, wakaipenda baridi yetu, wakabaki. Yule bwana alipoondoka nchini akamwachia dereva wake ufito na ugonjwa wa kuvua. Lori likipumzika Jumamosi na Jumapili, Idi alikuwa mtoni.

Na wala hakuvua kwa mnyoo kama watu wengine. Alitengeneza wadudu kwa mkono wake, akawaita nzi. Alikaa kibarazani na ndoano zake, nyuzi alizochomoa kwenye sweta kuukuu, na manyoya ya shingoni ya jogoo wa bibi, akifunga na kukata kwa mkasi mdogo wa kucha mpaka kinatokea kidudu cha kweli kabisa, chenye mabawa. Bibi alilalamika, "Jogoo wangu atanyonyolewa akiwa hai katika nyumba hii." Samaki wenyewe hakuwataka hata kuwaona. "Samaki gani hana magamba ya kuonekana, halafu ana madoa, utadhani ana surua? Mimi nileteeni dagaa wangu." Mama alikula kwa heshima ya mumewe. Mimi nilikula kwa sababu nilikuwa mlafi.

Sasa niseme kilichokuwa kinaniuma, maana pilau na gauni jipya havikuniondolea. Kwetu Usambaani mtoto ni wa upande wa baba. Mama akiolewa kwingine, ndugu wa marehemu wana haki ya kuja kusema, mtoto wetu tumekuja kumchukua. Hawaji kwa ubaya. Wanaona aibu damu yao ilelewe na mtu baki na wao wapo, wanalima na wanakula. Wiki chache baada ya ndoa, baba mkubwa Hemedi, kaka wa marehemu baba yangu, alituma ujumbe kutoka Vuga kupitia mfanyabiashara wa maharage kwamba akimaliza kuvuna atakuja kuzungumza habari ya mtoto. Habari ya mtoto ndiyo mimi.

Vuga nilikuwa nimefika mara mbili, na watu wa Vuga wasinikasirikie, hakuna ubaya wowote Vuga. Nilipewa miwa, nilibebwa, niliambiwa nimefanana na marehemu mpaka nikachoka kufanana. Lakini mama hakuwepo Vuga. Bibi hakuwepo. Kila nikifikiria kulala kule bila kuusikia mto, nilijifunika shuka mpaka kichwani. Nami sikuthubutu kumwuliza mtu. Mtoto wa siku zile ulimwulizia wapi mkubwa, utanipeleka au hunipeleki? Ungeulizwa nani amekutuma kusikiliza mazungumzo ya watu wazima.

Nilichokipata nilikipata bombani, nikikinga maji. Mama Shabani alikuwa anamwambia mwenzake, bila hata kupunguza sauti, "Hemedi si mtu mbaya. Huyu Idi akimtaka mtoto, atasema, na wataelewana. Asipomtaka atakaa kimya tu, na mtoto atafungashiwa nguo zake." Ndoo yangu ilijaa ikamwagika miguuni, wala sikuhisi. Nilirudi nyumbani nimeshika jambo moja: Idi akisema, nimepona, na Idi akinyamaza, nimekwenda.

Nikaanza kumchunguza. Na mjue kwamba mimi na yeye hatukuwa na ugomvi. Kila asubuhi niliinama nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo." Shikamoo tupu, isiyo na jina nyuma yake. Mama alinitolea macho kila siku, akitaka niongeze neno baba, nami neno lile halikupita kooni. Nilikuwa na baba mmoja, amekufa, na picha yake imetundikwa sebuleni kwa bibi. Huyu nimwiteje? Idi hakuonekana kujali. Alijibu palepale, kwa sauti yake ya chini, "Marahaba, mama. Umeamkaje?" Alikuwa akiniita mama, kama wazee wanavyowaita watoto wa kike, na moyoni nilikuwa nikipenda ingawa nisingekiri hata mnichape.

Jumamosi moja mama akanipa chupa ya chai na viazi vya kuchemsha nimpelekee mtoni. Ukungu ulikuwa ndio kwanza unapanda, jua limepenya upande mmoja tu wa bonde, na vidudu vidogo vilikuwa vinarukaruka juu ya maji. Nilimkuta pale mto unapokunja kona chini ya mizizi ya mti mkubwa, penye kina. Amepiga magoti ndani ya maji! Mtu mzima, na baridi ile! Suruali imelowa mpaka mapajani, ufito kauinua, anachapa hewa mbele na nyuma, mbele na nyuma, mshipi unapita juu ya kichwa chake bila kumgusa. Nikasimama juu ya ukingo, jua likiwa mgongoni kwangu, nikashika chupa yangu vizuri, nikapiga goti nikasema kwa sauti ya kufaa, "Shikamoo!"

Hakuitika. Hakugeuza hata shingo. Aliinua tu mkono wa kushoto kidogo, kiganja chini, kama anayemsukuma mbuzi arudi nyuma.

Bibi alikuwa amenifunza kwamba mkubwa asipoitikia basi hajasikia, na kumwacha hivyo ni utovu wa adabu, rudia mpaka asikie. Kuna siku nilimrudia mzee mmoja kiziwi mara sita mbele ya msikiti. Basi nikavuta pumzi. "Shikamoo!" Kile kiganja kikashuka tena, kwa nguvu zaidi. "SHIKAMOO!" Bonde zima liliitikia isipokuwa yeye. Hapo nikaona kitu kirefu cha rangi ya kahawia kikichomoka chini ya mizizi, kikampita Idi ubavuni, kikapotea kwenye maji meupe. Idi akateremsha ufito. Akarudi nyuma akaketi juu ya jiwe, katikati ya mto, akainamisha kichwa. Neno moja hakusema.

Niliacha chupa na viazi kwenye majani nikakimbia. Wallahi sikumbuki nilivyopanda kile kilima. Nilichojua ni kwamba nimetoa shikamoo tatu kwa mtu mzima mwenye masikio yake, naye amenyamaza. Nilijua mkubwa anaponyima marahaba anakuwa amekukataa, maana bibi mwenyewe aliwahi kumnyima mpwa wake kwa mwaka mzima kwa sababu ya shamba, na ukoo wote ulijua maana yake. Kumbe hata baba mkubwa hajafika, nikawaza, na jibu nimeshapewa. Amenyamaza. Nitafungashiwa nguo.

Basi na mimi nikanuna. Kama hanitaki, salamu zangu za nini? Jioni ile aliporudi na ufito wake, nilipita mlango wa jikoni nikajificha kwenye migomba. Asubuhi za kazi nilijifanya bado nimelala mpaka niliposikia lori likiunguruma. Wiki tatu nilimkwepa ndani ya nyumba ya vyumba viwili, na kazi hiyo si ndogo, jamani. Alikuwa akinitazama, nilihisi. Mara mbili alisimama mlangoni kama anayesubiri kitu, halafu akaenda zake. Mama aliniuliza, "Umemsalimia?" nikasema nimemsalimia. Bibi, ambaye hapitwi na kitu, alinikamata sikio mbele ya watu wote siku ya Ijumaa. "Huyu mtoto ana wiki hajatoa shikamoo kwa mkubwa! Katika nyumba yangu! Sema sasa hivi!" Nikabana midomo. Machozi yalinitoka lakini midomo sikufungua.

Idi alikuwa akinawa. Akasema taratibu, bila kugeuka, "Mwacheni, bibi. Salamu ya kulazimishwa ya nini." Bibi akaniachia. Mnaona? Hata salamu yangu haitaki.

Kesho yake jioni nilikuwa namenya viazi nyuma ya jiko nikawasikia yeye na mama wakiongea. Ujumbe ulikuwa umefika kwamba Hemedi anakuja Jumamosi inayofuata. Mama alikuwa anakata vitunguu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Idi akasema, "Mimi mtoto simfungi kamba. Kama moyo wake uko kwa baba zake, aende, tusimtese." Nilisikia kisu kikiendelea kugonga ubao. Leo nikilikumbuka neno lile naona wazi mtu aliyeumia anavyoongea. Siku ile nilisikia aende, basi. Usiku huo nilikunja nguo zangu mwenyewe, nikaziweka kwenye mfuko wa sandarusi chini ya kitanda, ili nisionekane nimeshtukizwa.

Jumamosi ikafika. Idi alikuwa ametoka alfajiri, akimwambia mama kwamba mgeni wa heshima hawezi kupewa mboga za kila siku. Tulimtarajia baba mkubwa mchana, yeye, kwa kuwa alipata lifti ya gari la mbao, akaingia saa tatu asubuhi. Alikuwa na kofia nyeupe, koti la suti juu ya kanzu, na mkungu wa ndizi begani. Nikapiga goti. "Shikamoo, baba mkubwa." "Marahaba, mwanangu. Tazama ulivyorefuka! Marehemu mtupu." Mama alichanganyikiwa akaweka sufuria jikoni bila maji. Akaninong'oneza, "Kimbia mtoni kamwite. Mwambie mgeni kafika."

Nilikwenda, lakini kukimbia sikukimbia. Nilishuka taratibu nikihesabu nitakavyomwambia: sitamsalimia, nitasema mgeni kafika, nitageuka. Nikamkuta palepale kwenye mizizi. Safari hii ufito ulikuwa umepinda mpaka ncha inakaribia maji, unatetemeka, na mshipi umekaza ukikata maji huku na huku. Alikuwa amemshika samaki. Ila samaki alikuwa amezunguka mzizi na mshipi ukanasa, na Idi, akiwa amezama mpaka kiunoni, hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Wavu wake mdogo wa mkononi ulikuwa umebaki kwenye nyasi, karibu na miguu yangu.

Sikusema kitu. Sikuwa mpumbavu, nilijua kwamba kelele zangu ndizo zilizomkosesha yule wa kwanza, nami ingawa nilikuwa na kinyongo sikuwa mwovu. Nikachuchumaa. Kivuli changu kikatoka majini. Idi akageuza shingo kidogo sana, akaniona. Akautazama wavu. Akanitazama mimi tena, na kile kiganja chake, ambacho siku ile kilinifukuza, sasa kikaniita kwa vidole viwili.

Jamani, yale maji! Nilivua kandambili, nikakunja gauni, nikaingia na ule wavu, na baridi ikanipanda kutoka kwenye kucha mpaka kwenye meno. Mawe yalikuwa yanateleza. Nilipomfikia, aliongea kwa mnong'ono ambao hata mimi niliusikia kwa shida. "Polepole. Usimkimbilie. Weka wavu ndani ya maji, utulie, yeye ndiye atakuja." Nikauzamisha wavu, mikono imekufa ganzi. Yeye akanyoosha mguu, akausukuma ule mzizi, mshipi ukafunguka, na samaki akatokea. Tumbo lake lilikuwa la njano, ubavuni ana madoa mekundu yaliyozungushiwa weupe, na jicho lake lilinitazama. Alijiviringisha mara moja, akachoka, akaja mwenyewe kwenye wavu. Nikainua. Alikuwa mzito mpaka nikakaa chini majini, na gauni na kila kitu, lakini wavu nikaukumbatia kifuani.

Tulipofika kwenye nyasi, samaki ametulia, mimi natetemeka mwili mzima, Idi akatwaa koti lake jeusi kavu lililokuwa mtini akanifunika. Akachuchumaa mbele yangu ili macho yetu yalingane. Akasema, "Marahaba."

Nikamwambia kwa ukali, "Sijakusalimia."

"Ya siku ile," akasema. "Zilikuwa tatu. Marahaba, marahaba, marahaba. Wiki tatu nimekaa nazo, sina pa kuziweka."

Nikamkazia macho. Akacheka, kwa mara ya kwanza nikaona ana pengo pembeni. "Mama, mimi nikiwa ndani ya maji simwitikii mtu. Samaki huyu anasikia hata ukikohoa. Imamu mwenyewe alinisalimia hapa, nikamwacha hewani, nikamfuata msikitini kumwomba radhi. Siku ile nilisema, nikifika nyumbani atanisalimia tena, nimwitikie vizuri, nimweleze. Nimefika, umeingia migombani. Asubuhi nimesimama mlangoni, umelala. Nikajua basi, mtoto hanitaki. Ana baba zake. Ningekulazimisha vipi?"

Nilitaka kusema maneno mengi, nikasema moja tu, na likatoka pamoja na kilio. "Utanipeleka Vuga?"

"Unataka kwenda?"

Nikatikisa kichwa kukataa mpaka maji yakaruka kwenye nywele. Akajipangusa uso kwa kiganja, akasema, "Kumbe." Halafu akasema tena, "Kumbe! Sasa inuka, twende. Mgeni wetu anasubiri, nawe utaugua, nitamwambia nini bibi yako?"

Samaki alibanikwa kwa ndimu na pilipili juu ya makaa. Nilibadilishwa nguo, nikapewa kazi ya kuwanawisha wageni na kutenga chakula, na kwa hiyo nilikuwa naingia na kutoka nikisikiliza kila kitu. Bibi, niliyemwekea dagaa wake peke yake, alinyoosha mkono akamega kipande cha trauti "kuonja tu," akaonja, akaonja tena, akaonja mpaka upande mmoja wa samaki ukabaki mifupa. Hakuna aliyethubutu kumwambia neno. Nilipoleta maji ya pili ya kunawa, baba mkubwa alikuwa ameshaanza mazungumzo. Alisema kwa upole kwamba mtoto ana kwao, na kwamba wao pale Vuga hawajashindwa.

Idi alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka. Nilisimama na birika mkononi. Akasema, "Kaka, nakusikia, na haki ni yako. Mimi kwa damu sina changu hapa. Lakini umekuja kuniuliza, nami nisinyamaze. Namtaka huyu mtoto. Nikipewa, nitamsomesha na nitamlea. Vuga atakuja kila likizo, nitamleta mwenyewe na lori, asisahau kwao. Nisipopewa, nitaumia, ila sitagombana na wewe."

Mama alifunika uso kwa khanga. Baba mkubwa hakusema ndiyo wala hapana. Alimaliza chai yake, akaswali, akaomba apewe miche ya peasi akapande kwake, wakamchimbia. Jua lilipoanza kuteremka akasimama, akashukuru, akavaa kofia. Kisha akasema, "Mtoto anisindikize mpaka barabarani. Mtoto peke yake."

Tukashuka njia ya katikati ya kabichi, yeye mbele na miche yake, mimi nyuma. Ukungu ulikuwa umeanza kurudi. Alisimama tulipofika kwenye kona ambapo nyumba yetu haionekani tena. Akaweka miche chini, akanishika bega. Mkono wake ulikuwa mgumu na wa moto. "Wewe ni mtoto wa mdogo wangu," akasema. "Nilimzika kwa mikono hii. Kesho na keshokutwa mtu asije akasema Hemedi alimtupa. Sasa hapa tuko wawili, hakuna anayesikia. Usimwogope mtu. Unataka kukaa wapi?"

Nilimtazama usoni. Walikuwa wanafanana, yeye na ile picha ya sebuleni, paji la uso na masikio. Nikamwonea huruma sana, wala sikujua kwa nini. Lakini jibu lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Nataka kukaa kwa baba," nikasema.

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Baba mkubwa naye alikisikia. Aliondoa mkono begani kwangu, akatazama upande wa bondeni kwa muda, midomo yake ikicheza kama anayesoma dua. Gari la mbao lilipiga honi chini barabarani. Akainama, akaokota miche yake, akaipanga vizuri kwapani.

"Haya," akasema. "Rudi nyumbani kabla ukungu haujafunga njia. Mwambie baba yako kwamba nimefika barabarani salama, nimepata gari, na likizo nakungojeeni."

"Nimwambie nani?" nikauliza, maana nilitaka alirudie.

"Baba yako," akasema baba mkubwa. "Kimbia."

Nikakimbia. Nilipanda kile kilima chote nikiusema ule ujumbe kwa sauti, neno kwa neno, ili nisije nikaukosea nikifika.